Viashiria vya kichocho katika damu

Viashiria vya kichocho katika damu ni vitu vinavyoweza kupimwa katika damu ya binadamu na kuonyesha kwamba mtu ana minyoo ya kichocho, au kwamba minyoo hiyo imemdhuru. Baadhi ya vitu hivyo hutoka kwa mnyoo mwenyewe, kama vile antijeni, vipande vya DNA na molekuli ndogo ziitwazo mikroRNA. Vingine hutengenezwa na mwili wa mgonjwa unapokabiliana na ugonjwa.

Viashiria hivi vinatafutwa kwa sababu njia iliyozoeleka, yaani kuhesabu mayai ya mnyoo katika choo kwa hadubini, huwakosa watu wengi wenye minyoo michache. Suala hili lina uzito wa pekee katika mkoa wa Mwanza na ukanda wote wa Ziwa Viktoria, ambako kichocho cha tumbo kimeenea na ambako sehemu ya utafiti wenyewe imefanyika.

## Ugonjwa na mazingira ya ziwa

Kichocho husababishwa na minyoo bapa ya jenasi *Schistosoma*. Tanzania hutajwa mara nyingi kuwa nchi ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wake. Katika Kanda ya Ziwa kuna aina mbili. Kwenye ufuko na visiwa vya Ziwa Viktoria, kama Ukerewe na Ukara, ipo hasa *Schistosoma mansoni* inayoleta kichocho cha tumbo. Konokono wake ni wa jenasi *Biomphalaria*, ambao huishi ziwani. Mbali na ufuko, kwenye madimbwi, malambo na mashamba ya mpunga, ipo *Schistosoma haematobium* inayoleta kichocho cha mkojo, na konokono wake ni wa jenasi *Bulinus*.

Mayai ya *S. mansoni* hutoka na kinyesi. Yakifika majini hupasuka na kutoa viluwiluwi vinavyoingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa viluwiluwi vya aina nyingine, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Mvuvi anayevuta wavu, mama anayefua mwaloni, mtoto anayeoga au kuchota maji, wote wako katika hatari hiyo. Ndani ya mwili minyoo hukua, hujipanga dume na jike, na kukaa katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Kwa kawaida huishi miaka kadhaa.

Jike la *S. mansoni* linaweza kutaga mayai takriban 300 kwa siku. Karibu nusu yake hayatoki nje. Hubaki katika kuta za utumbo au husombwa na damu hadi kwenye ini, ambako mwili huyazungushia makovu. Makovu yakizidi, damu hupita kwa shida kwenye ini, bandama huvimba, maji hujaa tumboni, na mishipa ya umio inaweza kupasuka hadi mgonjwa akatapika damu. Madhara haya yameelezwa mara nyingi katika jamii za visiwa na fuko za ziwa hili. Ni muhimu kukumbuka kwamba madhara hutokana na mayai yaliyobaki mwilini, wakati kipimo cha choo huona yale tu yaliyotoka.

## Kuhesabu mayai na upungufu wake

Njia inayotumika zaidi kupima kichocho cha tumbo ni ile ya Kato-Katz. Jina lake linatokana na Mjapani Katsuya Kato, aliyeianzisha pamoja na mwenzake mwaka 1954, na Mbrazili Naftale Katz, aliyeiboresha pamoja na wenzake mwaka 1972. Kinyesi huchujwa, kikajazwa katika tundu la kipimo maalumu linalobeba miligramu 41.7, kisha kikatandazwa kwenye slaidi na kuangaliwa kwa hadubini. Idadi ya mayai yaliyoonekana huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai kwa gramu moja. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni maambukizi hafifu, 100 hadi 399 ni ya wastani, na 400 au zaidi ni makali.

Njia hii ni rahisi, haihitaji umeme mwingi, na humwonyesha mtaalamu yai lenyewe lenye mwiba wake wa ubavuni, kwa hiyo ni nadra kumtaja mtu kuwa na kichocho ilhali hana. Tatizo lake ni la upande wa pili. Mfano wa hesabu unalieleza vizuri. Tuseme mtu anatoa gramu 150 za kinyesi kwa siku, na kila gramu ina mayai 10. Kwa siku moja ametoa mayai 1,500. Lakini katika miligramu 41.7 wastani wa mayai ni 0.4 tu, yaani chini ya yai moja. Hata kama mayai yangekuwa yametawanyika ovyo bila kukusanyika mahali pamoja, takriban slaidi mbili kati ya tatu za mtu huyo zisingekuwa na yai hata moja. Kwa kweli mayai hukusanyika mahali pamoja, na idadi yake hubadilika siku hadi siku, hivyo uwezekano wa kumkosa huwa mkubwa zaidi.

Mtu kama huyo huambiwa hana kichocho, naye hurudi ziwani akiendelea kutoa mayai. Upungufu huu huongezeka pale dawa zinapogawiwa kwa miaka mingi, kwa sababu wanaobaki na minyoo wengi wao huwa na michache. Vilevile kuna kipindi cha wiki kadhaa baada ya kuambukizwa ambapo minyoo ipo lakini haijaanza kutaga. Katika kipindi hicho hadubini haiwezi kuona chochote.

## Antijeni za mnyoo

Mnyoo wa kichocho hula damu. Utumbo wake hauna tundu la kutolea uchafu, kwa hiyo kila baada ya saa chache hutapika mabaki ndani ya mshipa anamoishi. Mabaki hayo yana antijeni mbili zinazojulikana sana: CCA na CAA. Zote huzunguka katika damu ya mgonjwa na kutolewa na figo kupitia mkojo.

CCA hupimwa kwa tone la mkojo kwenye kikaseti kidogo kinachofanana na vipimo vya haraka vya malaria. Mstari ukitokea, kuna dalili ya minyoo. Kipimo hiki kimetumika katika tafiti nyingi ukandani, zikiwemo za mkoa wa Mwanza, na kwa kawaida huonyesha watu wengi zaidi wenye maambukizi kuliko Kato-Katz. Udhaifu wake ni mstari hafifu, ambao msomaji mmoja huuona na mwingine hauoni.

CAA hupimwa hasa katika damu, kwa njia iliyoendelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Njia hiyo hutumia chembe zinazong'aa zikimulikwa, na mashine husoma kiasi cha mng'ao, hivyo jibu halitegemei jicho la mtu. Uwezo wake ulionekana wazi katika jaribio lililofanyika Leiden na kuchapishwa mwaka 2020. Watu 17 waliojitolea waliambukizwa kwa hiari yao viluwiluwi vya kiume pekee vya *S. mansoni*. Kwa kuwa hapakuwa na majike, hapakuwa na mayai hata moja. Hata hivyo CAA ilionekana katika damu ya wengi wao. Hadubini isingewatambua hata mmoja.

## MikroRNA

### Maana na ugunduzi

MikroRNA ni uzi mfupi sana wa RNA, wenye herufi za kijenetiki zipatazo 22. Kazi yake ni kudhibiti jeni: hujishikiza kwenye RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, na kuzuia maagizo hayo yasitekelezwe au kuyaharibu. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1993 na Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun pamoja na wenzao, waliochunguza mnyoo mdogo wa udongoni aitwaye *Caenorhabditis elegans*. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2024.

RNA kwa kawaida huharibika haraka nje ya seli, kwani damu ina vimeng'enya vya kuivunja. Ilikuwa jambo la kushangaza basi, mnamo mwaka 2008, watafiti walipoonyesha kwamba mikroRNA huelea katika plazma na seramu bila kuharibika. Hukingwa kwa kufungwa ndani ya vifuko vidogo vinavyotolewa na seli, au kwa kushikana na protini. Kwa kuwa seli za ini, moyo au uvimbe hutoa mchanganyiko wake wenyewe wa mikroRNA, wanasayansi waliona kwamba tone la damu laweza kueleza habari za kiungo kilicho mbali.

### MikroRNA za mnyoo

Mnyoo wa kichocho naye hutoa mikroRNA katika damu anamoishi. Baadhi yake hazipo kabisa kwa binadamu. Mfano ni ile iitwayo *bantam*, ambayo kwanza ilijulikana kwa nzi wa matunda. Ikipatikana katika damu ya mtu, haiwezi kuwa imetengenezwa na mwili wake. Mwaka 2014 kikundi cha watafiti kilichoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kilichapisha matokeo kwamba *bantam* pamoja na mikroRNA nyingine mbili za mnyoo, miR-277 na miR-3479, ziliweza kupimwa katika seramu ya panya na ya binadamu walioambukizwa *S. mansoni*, na kwamba kwa pamoja ziliwatofautisha wengi wa walioambukizwa na wasioambukizwa.

Faida yake kinadharia ni kwamba kipimo hakitegemei kutaga kwa mayai. Mnyoo mchanga, dume pekee, au jike lililopunguza kutaga, wote wanaweza kuacha alama.

### MikroRNA za mgonjwa

Kundi la pili ni mikroRNA za binadamu mwenyewe zinazobadilika anapougua. MiR-122, kwa mfano, hutengenezwa kwa wingi na seli za ini, na huongezeka katika damu ini linapoumia. Watafiti wamechunguza kama mchanganyiko wa mikroRNA za namna hii unaweza kupima kiwango cha makovu ya ini bila kutumia mashine ya mawimbi ya sauti. Kazi kubwa imefanyika kwa wagonjwa wa Ufilipino wenye *Schistosoma japonicum*, aina ya kichocho ya Asia.

Ugumu ni kwamba ini huumizwa na mambo mengi. Katika Kanda ya Ziwa mtu mmoja aweza kuwa na kichocho, homa ya ini aina ya B, malaria na VVU kwa wakati mmoja. MikroRNA ya ini husema kwamba ini lina shida, lakini haisemi nani ameliumiza. Ndiyo maana za mnyoo zinaaminika zaidi katika kutambua maambukizi, na za mgonjwa zinatazamwa zaidi kama kipimo cha madhara.

## Swali la mnyoo aliye hai

Kipimo kizuri cha kichocho hakina budi kujibu maswali mawili: je, mtu ana minyoo, na je, baada ya dawa minyoo imekufa? Viashiria mbalimbali hutofautiana hasa katika swali la pili.

Kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya mnyoo, hubaki katika damu kwa muda mrefu baada ya kupona. Kwa mkazi wa ufukoni aliyewahi kuugua utotoni, kipimo cha kingamwili husimulia yaliyopita. DNA ya mnyoo hutambua maambukizi vizuri sana, lakini hata minyoo na mayai yaliyokufa huendelea kuivujisha. Utafiti uliofanyika katika kisiwa cha Ijinga, wilaya ya Magu, ulionyesha kwamba DNA ya *S. mansoni* iliendelea kupatikana katika seramu kwa wiki nyingi baada ya watu kumeza prazikwanteli. Antijeni za CAA na CCA, kinyume chake, hutolewa na mnyoo anayekula, na hupungua upesi akifa.

MikroRNA za mnyoo zinatarajiwa kuwa upande wa antijeni, kwa kuwa ni zao la seli zilizo hai, lakini matarajio hayo yanahitaji kuthibitishwa kwa kupima watu wengi kabla na baada ya dawa.

## Utafiti wa Mwanza

Jiji la Mwanza lina historia ndefu ya utafiti wa kichocho. Kabla ya uhuru na miaka ya mwanzo baada yake, Peter Jordan na Gerald Webbe walifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika ya Mashariki iliyokuwa hapo. Kitabu chao kuhusu kichocho cha binadamu kilichapishwa mwaka 1969. Leo jijini kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando na chuo kikuu cha afya cha CUHAS kilicho jirani nayo.

Mfano mmoja unaonyesha thamani ya damu iliyotunzwa. Tangu mwaka 1994 watafiti wamekuwa wakifuatilia afya ya wakazi wa Kisesa, wilaya ya Magu, mashariki ya jiji, hasa kuhusu VVU. Katika ufuatiliaji huo matone ya damu yalikaushwa kwenye karatasi ya chujio na kuhifadhiwa. Miaka baadaye watafiti wa Mwanza, Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na Leiden waliyapima upya matone hayo wakitafuta CAA. Waliwalinganisha watu ambao baadaye walipata VVU na wale ambao hawakupata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba wanawake waliokuwa na kichocho walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata VVU. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Tafiti za mahali pengine hazikukubaliana zote na matokeo hayo, na uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo. Hata hivyo swali lenyewe lisingeweza kuulizwa kwa kutumia kinyesi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekihifadhi.

## Vikwazo vya mikroRNA

Hadi sasa mikroRNA ni chombo cha maabara ya utafiti. Hazitumiki kama kipimo cha kawaida cha kichocho hospitalini. Sababu kuu ni hizi:

* Uchache wake. MikroRNA za mnyoo ni chache mno kati ya zile nyingi za binadamu, na huhitaji mashine ya PCR ili kuzizidisha hadi zipimike.
* Kupasuka kwa chembe nyekundu. Chembe nyekundu za damu zimejaa mikroRNA zake, kama miR-451. Damu ikitikiswa garini au kukaa juani kabla ya kutenganishwa, chembe hupasuka na kuvuruga hesabu. Sampuli inayovushwa kwa mtumbwi kutoka kisiwani iko katika hatari hiyo.
* Kukosekana kwa kipimo cha ulinganisho. Maabara hazijakubaliana ni molekuli gani itumike kama msingi wa kulinganishia, kwa hiyo majibu ya maabara moja hayalingani moja kwa moja na ya nyingine.
* Gharama. Zahanati ya kijijini inaweza kuwa na hadubini na vikaseti. Kuwa na mashine ya PCR, vitendanishi vya baridi na fundi wake ni jambo jingine.

## Matumizi katika magonjwa mengine

Wazo hilohilo linafuatiliwa katika magonjwa yasiyo ya vimelea. Mfano ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao koo huziba mara kwa mara mtu akiwa amelala na oksijeni katika damu ikashuka. Ili kuuthibitisha, mgonjwa hulala akiwa amefungwa vihisio vinavyorekodi pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo, na katika kipimo kamili mawimbi ya ubongo pia. Ni kipimo ghali, na wengi hawakipati. Kwa hiyo watafiti wanatafuta mikroRNA za plazma zinazobadilika kwa sababu ya upungufu huo wa oksijeni. Mwaka 2015 watafiti wa Hispania waliripoti kwamba mikroRNA tatu za plazma zilisaidia kutabiri ni wagonjwa gani wenye shinikizo sugu la damu ambao shinikizo lao lingeshuka kwa kutumia mashine ya kusukuma hewa usiku. Vikwazo vyake ni vilevile: namna ya kuchukua damu, ulinganisho kati ya maabara, na watu wachache waliopimwa.

## Umuhimu kwa afya ya jamii

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, ambayo hutolewa kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Huua minyoo mizima lakini haiui vizuri ile michanga, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Nchini Tanzania imekuwa ikigawiwa hasa kwa watoto wa shule.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unapendekeza kwamba jamii ambayo maambukizi yamefika asilimia 10 au zaidi igawiwe dawa kila mwaka kwa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, si wanafunzi pekee. Hapo ndipo aina ya kipimo inapokuwa na uzito. Kijiji kimoja chenye watu walewale kinaweza kuwa chini ya kiwango hicho kwa hadubini na juu yake kwa kipimo cha antijeni. Kwa kipimo cha kwanza, mvuvi na mama wa nyumbani wanaweza kuachwa. Kwa cha pili wanapata dawa. WHO imelenga kichocho kisiwe tena tatizo la afya ya jamii ifikapo mwaka 2030, na kadiri maambukizi yanavyopungua, ndivyo kuhesabu mayai kunavyozidi kupotosha.

Hata hivyo hakuna kiashiria kinachotibu. Kipimo bora cha damu huonyesha nani ana minyoo leo. Kama hakuna vyoo karibu na mialo na hakuna maji salama ya bomba au kisima, mtu aliyepona hurudi majini kesho na kuambukizwa tena.

## Tazama pia

* Kichocho
* Konokono
* MikroRNA
* Mkoa wa Mwanza
* Ukerewe
* Ziwa Viktoria